MTORO NI NANI?



Imekuwa desturi. Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yakishatangazwa, na shule ndogo ya kutwa iliyo kando ya reli ikaonekana mkiani tena, wakubwa huja na magari, hukaa chini ya turubai, hunywa soda, kisha husimama mmoja baada ya mwingine na kutuambia neno lile lile: watoto wenu ni watoro. Hawahudhurii masomo. Wazazi wa landhi hawajali elimu. Safari hii mmoja wao aliongeza kwamba mtoto wa mtu wa gengi huzaliwa nyundo iko mkononi, basi kalamu ataishikaje? Watu wa turubai wakacheka. Sisi tuliokuwa juani hatukucheka, na ndiyo sababu ya kuandika habari hii.

Shule hatuitaji jina. Ziko nyingi za namna hiyo kutoka Mariakani mpaka Emali, na mwanachama yeyote akiisoma karatasi hii atadhani twasema juu ya ile ya kwao.

Kwanza tuseme wazi kwamba hatukatai matokeo ni mabaya. Mtoto akitaka kwenda chuo kikuu sharti apate C+, na katika shule kama hizi waufikao mstari huo mwaka mwingine wahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, mwaka mwingine hakuna hata kidole. Wala hatukatai kwamba watoto hukosa shule. Ingia darasani siku ya Jumanne katikati ya muhula uhesabu madawati matupu. Swali letu ni moja tu: ni nani aliyeyafanya matupu?

Ninyi wenzetu wa stesheni mwajua kazi. Treni ya mizigo ikizuiwa kwenye signali ya nje kwa kuwa njia ya stesheni haijawa tayari, dereva haandikwi kwamba amechelewa kwa uvivu. Aliyeizuia huandika kitabuni saa aliyoizuia, na sababu yake. Pakiwa na lawama, kitabu kitasema. Lakini rejista ya shule si hivyo. Mtoto aliyerudishwa getini saa moja na nusu asubuhi kwa sababu ya deni, na mtoto aliyekwenda kutega ndege, wote wawili huandikwa alama moja. Hakuna nafasi ya kuandika, "Huyu tumemrudisha sisi." Mwisho wa muhula hesabu inajumlishwa, inapelekwa juu, na huko juu wanasoma utoro.

Tutoe mfano mmoja wa mwenzetu wa gengi, tena mtu asiyekunywa pombe, maana tunajua hilo ndilo litakaloulizwa kwanza. Ana mtoto Kidato cha Tatu. Jumatatu tarehe 12 Mei 2025 mtoto alirudishwa nyumbani kwa deni la chakula cha mchana na pesa za walimu wa bodi. Baba alikuwa njiani na gengi lake, mvua imekula udongo chini ya mataruma. Mama anauza mboga kando ya barabara, na mboga hazikutosha. Mshahara, kama mjuavyo, ni mwisho wa mwezi. Uliingia Jumatano tarehe 28. Alhamisi mtoto akarudi shule na risiti mkononi. Hesabuni wenyewe: siku 13 za masomo. Katika siku hizo darasa lake lilianza habari ya moli katika kemia na kuimaliza. Mwalimu mmoja mwenye madarasa manne hawezi kuirudia kwa ajili ya mtoto mmoja, na hawezi kulaumiwa. Ripoti ya muhula ilipokuja iliandikwa: MAHUDHURIO MABAYA, MZAZI AONYWE.

Mzazi aonywe! Aliyefunga geti ndiye anayeonya.

Ndugu, jambo hili si la huruma, ni la sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi bila malipo na ya lazima. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, yakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Yaruhusu malipo mengine kama Waziri ameyakubali baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, lakini papo hapo yaongeza kwamba mtoto asikataliwe kuhudhuria shule kwa sababu malipo hayo hayajalipwa. Maneno hayo hayahitaji wakili. Sisi tulioishia darasa la nane kwa wamisheni tumeyasoma na kuyaelewa. Sheria hiyo hiyo yamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule, na asipofanya hivyo aweza kushtakiwa. Basi mzazi anamleta mtoto asubuhi kwa kuogopa sheria, na shule inamrudisha saa hiyo hiyo kinyume cha sheria. Kati ya hao wawili, aliyetishiwa kushtakiwa mpaka leo ni mmoja tu, na mwamjua.

Mwalimu mkuu wa shule ndogo hatumchukii. Yeye naye amebanwa kama sisi, na yafaa tueleze amebanwa vipi, kwa kuwa wakubwa wa turubai hawasemi.

Mwaka 2008 Serikali ilianza kulipia masomo ya shule za upili za kutwa, shilingi 10,265 kwa kila mtoto kwa mwaka. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Tangu 2018 kiasi kilichotangazwa ni shilingi 22,244. Mwaka huo huo ikatolewa amri kwamba kila mtoto amalizaye shule ya msingi aingie ya upili, asibaki hata mmoja. Neno zuri pia. Lakini pesa hizi huhesabiwa kwa kichwa. Shule ya watoto 1,500 itapata, kwa karatasi, shilingi 33,366,000. Shule yetu, tuseme ina watoto 120, itapata 2,669,280, na si zote zitakazofika shuleni, maana mambo mengine, kama vitabu, hulipiwa huko huko juu. Sasa tuambieni, mlinzi wa usiku wa shule ndogo hulinda nusu usiku? Karani hula nusu mkate? Hesabu za Kidato cha Nne zapunguzwa kwa kuwa darasa lina watoto 28? Shule ndogo ina masomo yale yale, mtihani ule ule, stima ile ile, na mfuko wa mtoto yatima.

Na hata mfuko huo haujai. Pesa zatakiwa zitoke kwa mafungu matatu, nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili, asilimia 20 wa tatu. Mwulize mwalimu mkuu yeyote kama humfikia kwa wakati. Mwezi wa Julai 2025 Waziri wa Fedha, Bwana John Mbadi, aliiambia kamati ya Bunge kwamba Serikali haina uwezo wa kulipa zile 22,244, bali karibu 16,900. Kelele zilipozidi tukaambiwa tusihofu, elimu ya bure haiondolewi. Sawa. Lakini sisi twajua kuhesabu. Ni upungufu wa shilingi 5,344 kwa kila mtoto, na kwa watoto 120 ni 641,280. Hizo pesa zilitafutwa wapi? Zilitafutwa getini, saa moja na nusu asubuhi.

Hapo ndipo wanapoingia walimu wa bodi. Shule ndogo hupewa na Tume ya Walimu walimu wasiotosha masomo yote, basi bodi ya shule huajiri vijana wa kujazia na kuwalipa kwa michango ya wazazi. Ninyi wanachama mwalijua jina la mtu wa namna hiyo. Ni kibarua. Kazi ni ya kudumu, mkataba haupo, mshahara ni mdogo, na wazazi wasipolipa mwezi huu naye halipwi mwezi huu. Kijana mwenye digrii yake akipata penginepo siku ya Ijumaa, Jumatatu darasa halina mwalimu wa fizikia. Huenda likakaa muhula mzima bila mwalimu. Basi rejista ya walimu iko wapi? Mbona hatusikii chini ya turubai kwamba mwaka jana fizikia yenyewe ilikuwa mtoro?

Tulipokuwa shule ya misheni tulifundishwa habari ya Farao. Aliwanyima Waisraeli majani ya kuchanganya na udongo, akataka idadi ya matofali iwe ile ile, na ilipopungua akasema, Wavivu ninyi. Wasimamizi wao ndio waliopigwa. Hatujui kama watoa hotuba zetu walisoma kitabu hicho, lakini kazi ya Farao wanaiweza.

Tena iko hila nyingine, nayo twataka kila mzazi aielewe kwa sababu yamgusa mtoto wake. Shule hupimwa kwa wastani wa alama. A ni alama 12, E ni alama 1. Sasa chukua shule ya watahiniwa 20. Watoto 16 wamepata C-, yaani alama 5 kila mmoja, jumla 80. Watoto wanne wamepata E, jumla 4. Gawanya 84 kwa 20, wastani ni 4.2, shule ina D+. Haya, wale wanne wasingefanya mtihani hapo, wastani ungekuwa 5.0 kamili na shule ingekuwa na C-. Shule imepanda daraja bila mtoto hata mmoja kujua neno jipya! Katika shule ya watahiniwa 300 watoto wanne si kitu. Katika shule ndogo, watoto wanne ni jina la shule, ni barua ya pongezi au barua ya kujieleza. Basi ndugu, mtoto dhaifu akishikwa na deni, unadhani atatafutwa kwa bidii arudi? Au ataachwa akae huko huko mpaka asahaulike? Sheria yakataza kumfukuza mtoto au kumrudisha darasa nyuma. Lakini kumchosha mpaka aondoke mwenyewe, hilo halina kifungu, na kwenye rejista laitwa utoro.

Na hao watoto dhaifu walitoka wapi? Mpaka mtihani wa KCPE wa mwisho mwaka 2023, wenye alama za juu walikuwa wakichukuliwa na shule za kitaifa, kisha zile za ngazi zinazofuata, na shule ndogo ya kutwa ikapokea waliobaki. Hatuwatukani watoto wetu. Twasema tu kwamba mtu asipewe mawe yaliyobaki kwenye chujio kisha akaulizwa kwa nini unga wake si laini.

Mambo mengine twayajua sote na hatutayasema kwa urefu. Njaa, kwanza. Pesa za Serikali hazilipii chakula cha mchana cha mtoto wa kutwa. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipokosa kufuatana, mahindi na maharagwe ya shule ndiyo yaliyokuwa mlo wa pekee wa watoto wengi, na asiyelipa hakuingia foleni. Mtoto mwenye njaa akiona lori la mchanga linataka wapakiaji, atapanda. Pili, njia. Upande wa Voi na Maungu ndovu hutoka Tsavo usiku, na mtoto anayetembea kilomita sita hawezi kuondoka nyumbani kabla ya kupambazuka. Akifika saa mbili hupewa adhabu ya kuchelewa, au hapokewi. Atamwandikia ndovu barua? Tatu, wasichana. Mwaka 2017 sheria ilirekebishwa ili Serikali iwape sodo bure, lakini sheria haivaliwi, ndugu zangu, na katika shule isiyo na maji msichana hukaa nyumbani siku zake kila mwezi. Jumlisheni hizo siku kwa miaka minne.

Na reli yenyewe ina mkono katika jambo hili. Mwaka 2017 treni ya abiria ya reli ya zamani baina ya Mombasa na Nairobi ilikoma, reli mpya ikaanza kazi. Stesheni ndogo zilizokuwa na watu wa signali, magengi, wachuuzi wa mayai na hoteli za chai zikanyamaza. Reli mpya ina stesheni chache baina ya miji hiyo miwili, nayo hupita nyuma ya vibanda vyetu kwa kasi bila hata kupiga honi. Watu walihamishwa, wengine wakaachishwa kazi, na watoto wakaondoka pamoja na wazazi wao. Shule iliyojengwa kwa harambee, wazee wetu wakichanga shilingi mbili mbili, ikapungua. Ikipungua vichwa, pesa zikapungua. Pesa zikipungua, michango ikapanda. Michango ikipanda, watoto wakarudishwa. Wakirudishwa, mtihani ukaanguka, na wazazi wenye uwezo wakawahamisha waliosalia. Hata leo mwajiri humhamisha mtu katikati ya muhula kwa barua ya siku chache, asiulize kama ana mtoto anayefanya mtihani mwaka huo.

Wako wenzetu wanaosema kwamba haya si mambo ya chama. Chama ni mshahara na nyumba, shule ni mambo ya wazazi. Wengine wao watoto wako bweni mbali, na shule ya hapa huiona kama banda la watu wengine. Twawajibu hivi. Mwezi wa Septemba 1959, ndege iliyowapeleka vijana 81 kusoma Marekani iliandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya, mtu wa chama. Hakungoja aambiwe kwamba elimu ni mambo ya chama. Na pesa zinazodaiwa getini zatoka wapi kama si katika mshahara tunaoupigania? Tukipata nyongeza Januari na shule ikaichukua Mei, tumegombea nini?

Wako pia wachache, nao wajijue, ambao huwachukua vijana wa shule kuwapigia matofali, kuchoma makaa au kuendesha boda boda zao siku za masomo, kwa sababu kijana ni rahisi kuliko mtu mzima. Sheria yakataza kumwajiri mtoto kazi inayomzuia kwenda shule. Mwanachama anayefanya hivyo asisimame mkutanoni kumlaumu mkubwa yeyote.

Tunayotaka ni haya, na twaomba tawi liyapitishe.

Chama kiandike barua kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, kiulize kila mchango unaotozwa katika shule zilizo kando ya reli ulikubaliwa na nani, lini, na karatasi iko wapi. Kiulize pia kwa maandishi kama Bodi inajua kwamba watoto hurudishwa nyumbani kwa deni. Jibu la ndiyo litatufaa, na jibu la siyo litatufaa.

Shule iwe na safu nyingine katika rejista yake, ya watoto iliowarudisha yenyewe. Haigharimu kitu ila wino.

Mwajiri aombwe mambo mawili: asimhamishe katikati ya mwaka mfanyakazi mwenye mtoto wa Kidato cha Nne isipokuwa kwa kukubaliana naye, na atoe advansi mwanzoni mwa kila muhula kwa anayeitaka, ikatwe kidogo kidogo. Shule hazingoji mwisho wa mwezi.

Walimu wa bodi waitwe mkutanoni kwetu. Ni wafanyakazi. Hawana chama kinachowasemea katika shule hizi ndogo, na hatujasikia wamealikwa popote.

Tena, katika bodi ya shule sheria imeweka nafasi sita za watu wa kuchaguliwa kuwakilisha wazazi au wenyeji. Siku ya uchaguzi tusiachie nafasi hizo wenye maduka peke yao. Yule asemaye hana nafasi kwa sababu ya zamu, abadilishane zamu, kama anavyobadilishana siku ya mpira.

Jambo hili litatiwa katika ajenda ya mkutano ujao wa tawi. Kila mwanachama aliye na mtoto shuleni alete risiti zote za muhula uliopita, hata zile ndogo za tuisheni na za ripoti, na aandike kwenye karatasi siku ambazo mtoto wake alirudishwa, tarehe kwa tarehe, pamoja na kiasi alichokuwa akidaiwa siku hiyo. Asiyejua kuandika vizuri, karani wa tawi atamwandikia. Majina ya watoto hayatatajwa mbele ya watu. Zamu ya usiku waleteeni wenzenu wa mchana.